Daktari wangu wa zamani amekalia faili langu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 43. Nimefika mahali nakosa usingizi kwa ajili ya makaratasi, na kila ninayemwomba ushauri ananipa wa kwake.

Miaka tisa iliyopita nilitolewa goita, yaani uvimbe wa tezi la shingo, upande wa kushoto. Daktari aliyeniona tangu mwanzo ndiye aliyenipasua, katika hospitali aliyokuwa akienda kufanyia upasuaji, kisha akaendelea kunifuatilia kwenye kliniki yake mwenyewe. Alikuwa daktari mzuri, sitamsingizia. Baada ya upasuaji sauti yangu ilikwaruza miezi kadhaa, akaniambia itarudi, na kweli ikarudi. Kuhusu uvimbe wenyewe alisema tu, "Majibu yako ni safi, mama, nenda kalee watoto." Karatasi ya majibu hayo sikuiona wala sikuiomba. Nani anaomba karatasi akishaambiwa yuko salama?

Baadaye tulikuja kukosana. Nilitozwa kipimo ambacho nina hakika hakikufanyika, nikalisema hilo pale mapokezi wagonjwa wengine wakisikia, naye akatoka chumbani kwake amekasirika. Niliondoka bila kulipia kipimo hicho na sikurudi tena.

Sasa nimeota kitu upande wa kulia. Daktari ninayemwona siku hizi amenipima kwa ultrasaundi, na amesema kabla hajaamua lolote anataka vitu viwili: ripoti ya ile nyama iliyopelekwa maabara baada ya upasuaji wa kwanza, na maelezo ya upasuaji wenyewe. Nikaenda kliniki ya zamani. Karani wa mapokezi, ambaye ananifahamu vizuri tu, akaniambia faili ni mali ya kliniki na halitoki. Niliporudi, daktari alikuwa amesafiri. Kisha ikawa nilipe deni kwanza. Nikampigia daktari mwenyewe, hakupokea. Nikamtumia ujumbe, nikaona ameusoma, kimya. Safari ya mwisho karani aliniita pembeni akaninong'oneza kwamba daktari amesema ripoti ya maabara si yake, ni ya hospitali, kwa hiyo hana mamlaka ya kuitoa.

Mume wangu anasema tutafute wakili. Dada yangu anasema niende nikapige magoti niombe radhi, kwa kuwa mwenye shida ni mimi. Mdogo wangu yeye anasema nimpoze karani na chochote, alipige faili picha kwa simu, mambo yaishe. Na mimi nina hofu ambayo sijamwambia yeyote kati yao: vipi kama majibu hayakuwa safi, na ndiyo sababu hataki niyaone?

Naomba unijibu, Shangazi. Faili ni la nani? Deni linaweza kunizuia kupata taarifa zangu? Na je, nimweleze daktari mpya kwamba tuligombana na yule wa zamani, au ataniona mgonjwa msumbufu?

Asiye na Faili

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hofu yako, maana hiyo ndiyo inayokunyima usingizi, hata kama barua umeiandika kuhusu deni na mapokezi. Siwezi kukuambia ripoti ilisema nini, na mtu yeyote asiyeiona asikudanganye kwamba anajua. Lakini ukimya wa daktari wako una maelezo mengine ya kawaida kabisa. Bado ana kinyongo. Au ana shughuli na ombi lako halikuwa na umbo ambalo mtu angelishughulikia: simu, ujumbe, maneno pale dirishani. Au faili halionekani na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema. Halafu kumbuka kwamba ripoti ya nyama haiandikwi na daktari aliyepasua. Huandikwa na mtaalamu wa patholojia, yaani daktari wa maabara anayechunguza nyama kwa hadubini, ikatiwa sahihi yake, na maabara ikabaki na nakala. Daktari wako hakuwahi kuwa na uwezo wa kuificha peke yake.

Na hapo ndipo ninapotaka uangalie upya maneno uliyonong'onezwa. Wewe umeyasikia kama kisingizio kingine. Mimi naona ndiyo maneno ya maana kuliko yote uliyoambiwa pale. Amesema ripoti ni ya hospitali. Basi kwa nini bado uko mlangoni kwa kliniki?

Upasuaji ulifanyika hospitalini. Wewe ulilazwa hospitalini, ukapewa namba ya mgonjwa na kufunguliwa faili la wodini. Chumba cha upasuaji kina daftari lake, linaloandika tarehe, jina la mgonjwa, upasuaji uliofanywa na nani aliufanya. Mtaalamu wa usingizi alijaza fomu yake. Maabara ya patholojia iliipa nyama yako namba siku ilipoingia. Na ulipotoka uliandikiwa fomu ya ruhusa, ambayo huenda bado iko nyumbani kwenye mfuko wa makaratasi ya zamani. Itafute leo. Ukiipata, namba iliyoko juu yake itakufungulia milango mingine yote, maana masjala ya hospitali hutafuta kwa namba na tarehe, si kwa sura. Kama wakati ule ulikuwa ukitumia jina la ukoo wa baba na sasa unatumia la mume, wape yote mawili. Mafaili mengi "yanayopotea" yako palepale rafuni chini ya jina lingine.

Kuhusu ile nyama, kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kipande kinapofika maabara hulowekwa kwenye dawa ya kukihifadhi, kisha hugandishwa ndani ya kidonge cha nta. Fundi wa maabara hukata ukanda mwembamba sana kutoka kwenye nta hiyo, akaubandika kwenye kioo, akautia rangi, na daktari wa patholojia akausoma kwa hadubini. Kinachobaki ndani ya nta hakitupwi. Maabara nyingi hutunza vidonge hivyo kwa miaka mingi, na havihitaji jokofu. Maana yake ni kwamba hata karatasi ikipotea pande zote mbili, bado inawezekana nyama yenyewe ipo, na ikikatwa ukanda mpya mtaalamu mwingine ataisoma upya. Kwa hiyo ukifika hospitali usiulizie ripoti peke yake. Uliza pia kama vioo na vidonge vya nta vya mwaka ule bado vipo. Daktari wako mpya ndiye mtu sahihi wa kuviomba, kwa barua yake kwenda maabara, kwa sababu vitu hivyo kwa kawaida hutoka maabara kwenda maabara, havifungwi kwenye bahasha ukaondoka navyo.

Maelezo ya upasuaji nayo yana uzito ambao pengine hukuelezwa. Ulisema sauti ilikwaruza, kisha ikarudi. Kila upande wa shingo, nyuma ya tezi, kuna neva nyembamba inayoendesha uzi wa sauti wa upande huo. Ikiguswa au kuvutwa wakati wa upasuaji, sauti hukwaruza. Mara nyingi neva hupona. Lakini wakati mwingine uzi wa upande mmoja hubaki umelala moja kwa moja, ule wa pili ukajifunza kufidia, na mwenye sauti akadhani mambo yamekwisha. Sasa daktari anafikiria upande wa kulia. Neva ya kulia nayo ikipata hitilafu wakati ya kushoto haifanyi kazi, tatizo haliwi sauti tena, linakuwa pumzi. Ndiyo maana anataka kujua mwenzake aliona nini: neva ilionekana na ikaachwa salama? Tezi lilitolewa lote upande ule au kuna kipande kilichobaki? Na vile vitezi vidogo vinavyosimamia kalsiamu ya damu, ambavyo kwa kawaida ni vinne, vipo au viliondoka na goita?

Nakueleza haya kwa sababu mbili. Kwanza, ujue kwamba daktari mpya hakusumbui kwa urasimu. Pili, ujue kwamba sehemu ya majibu hayo inapatikana bila ruhusa ya mtu. Nyuzi za sauti zinaweza kuchunguliwa leo kwa kamera nyembamba kupitia puani. Kalsiamu hupimwa kwa damu. Masalia ya tezi huonekana kwenye ultrasaundi. Uvimbe mpya unaweza kuchomwa sindano nyembamba na seli zake zikasomwa. Kitu pekee ambacho hakiwezi kupimwa upya mwilini mwako ni ile nyama iliyokwishatoka. Kwa hiyo nguvu zako zielekeze hapo. Usikimbizane na faili zima la miaka yote ya mafua na presha. Omba karatasi chache kwa majina yake.

Sasa, faili ni la nani? Karani amesema nusu ya ukweli. Karatasi, jalada na kabati ni vya kliniki au hospitali, na hawalazimiki kukupa faili lenyewe uondoke nalo. Wana haki kulikatalia hilo, kwa kuwa na wao wanawajibika kulitunza. Taarifa zilizoandikwa humo ni zako, na kinachotakiwa kutoka ni nakala. Wewe ukiomba "faili langu", yeye anasikia unataka kuondoka na jalada, anakataa, na kila mmoja anaona ana haki. Badilisha neno moja tu: omba nakala.

Hoja ya "si yangu, ni ya hospitali" iliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Kanada. Mgonjwa aliomba faili lake zima kwa daktari wake. Daktari akampa yale aliyoandika yeye, akakataa kutoa ripoti za madaktari wengine zilizokuwa humo, akisema ni mali yao. Mwaka 1992 mahakama iliamua kwamba faili kama kitu ni la daktari, lakini mgonjwa ana haki ya kuona na kupata nakala ya kila taarifa iliyotumika kumtibu, zikiwemo zilizotoka kwa wengine. Hukumu ya Kanada haimfungi daktari aliye nchi nyingine, lakini inakuonyesha kwamba hoja hiyo imekwishapimwa na watu makini ikaonekana nyepesi. Kama nakala ya ripoti imo ndani ya faili lake, anaweza kukutolea kopi. Mimi nimekuelekeza hospitalini kwa sababu ni njia fupi zaidi. Daktari wako hana haki zaidi kwa sababu hiyo.

Madaktari wenyewe wamelikubali hili siku nyingi. Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kupanuliwa baadaye, linasema mgonjwa ana haki ya kupata taarifa zake zilizoandikwa katika kumbukumbu zake za matibabu. Sheria za nchi nyingi zimeweka hata muda. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni zake za 2021 zinampa anayetunza taarifa siku 7 za kujibu ombi la mhusika, bila malipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume inayopokea malalamiko. Uingereza ni mwezi mmoja. Marekani ni siku 30, na wanaweza kujiongezea nyingine 30 mara moja tu wakikueleza sababu. Katika Umoja wa Ulaya, mahakama ya juu ya umoja huo iliamua Oktoba 2023, katika kesi ya mgonjwa na daktari wake wa meno, kwamba nakala ya kwanza ni bure na mgonjwa hana haja hata ya kueleza anaitakia nini. Angalia sheria ya pale ulipo inasemaje, uitaje kwa jina katika barua yako, sentensi moja tu, bila kutisha mtu.

Haki hiyo ina mipaka. Sheria nyingi humruhusu daktari kuzuia sehemu inayomhusu mtu mwingine, au ambayo kuisoma kungemdhuru mgonjwa vibaya, na maandishi binafsi ya mtaalamu wa afya ya akili mara nyingi hutengwa. Ripoti ya goita haimo katika hayo.

Deni nalo ni jambo la pembeni. Marekani imeandikwa wazi kwamba kituo hakiruhusiwi kuzuia nakala kwa sababu mgonjwa hajalipa bili ya matibabu, na kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala yenyewe. Hata ambako sheria haijalitamka hivyo, hoja ni ileile: deni lina njia zake za kudaiwa, na afya yako isiwekwe rehani. Ila nikuulize, mwanangu, kile kipimo kiligharimu kiasi gani ukilinganisha na nauli ulizokwishatumia? Kama unakiweza bila kuumia, lipa, wapatie karatasi ndogo isemayo "nalipa bila kukubali kwamba kipimo kilifanyika", uchukue risiti, umalize. Kama huwezi au hutaki, usilitaje deni kabisa kwenye barua ya nakala. Wakilitaja wao, jibu kwamba utalizungumza kwa barua nyingine. Mambo mawili yakikaa kwenye karatasi moja, watajibu lile linalowafaa.

Barua yenyewe iwe fupi. Naiandika hapa uigeuze upendavyo:

"Kwa Mkurugenzi wa Hospitali, kupitia kitengo cha kumbukumbu za wagonjwa. YAH: Maombi ya nakala za kumbukumbu zangu za matibabu. Mimi (majina matatu kama yalivyoandikwa wakati ule, na ya sasa kama yamebadilika), niliyezaliwa tarehe fulani, namba ya mgonjwa kadha, nilifanyiwa upasuaji wa tezi la shingo upande wa kushoto hospitalini hapo mwezi fulani mwaka fulani. Naomba nakala ya ripoti ya patholojia ya nyama iliyotolewa siku hiyo, maelezo ya upasuaji, na muhtasari wa ruhusa. Zinahitajika na daktari anayenitibu sasa ili aamue matibabu ya uvimbe mwingine. Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu, na niko tayari kulipia gharama ya kutoa nakala. Endapo karatasi yoyote kati ya hizi haipatikani, naomba nijulishwe kwa maandishi."

Angalia ambacho hakimo. Hakuna ugomvi, hakuna kipimo kilichobishaniwa, hakuna sababu ya wewe kuhama. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Mtu anaweza kukwambia kwa mdomo "halionekani" kila wiki kwa mwaka mzima, lakini kuandika "tumelipoteza" na kutia sahihi ni jambo lingine. Mara nyingi faili hupatikana hapohapo.

Toa nakala mbili za barua, moja uiache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Siku zianze kuhesabiwa hapo. Barua kama hiyo, ikibadilishwa kidogo, ipeleke pia kliniki ukimwandikia daktari mwenyewe, maana maelezo ya ufuatiliaji wako baada ya upasuaji yako kwake. Usimpe karani kwa mkono bila muhuri. Simlaumu karani, yeye anasema alichoambiwa, na pengine kukuita pembeni lilikuwa jambo la ujasiri kwake. Kama hospitali inataka fomu yake badala ya barua, jaza fomu yao, usibishane, lakini barua nayo iambatanishe.

Kuna njia nyingine ambayo ningeitumia sambamba: mwombe daktari mpya aandike yeye kwa yule wa zamani, daktari kwa daktari. Anayekununia wewe hawezi kirahisi kumnunia mwenzake wa taaluma, hasa barua ikiwa na kichwa cha hospitali na neno "uvimbe" ndani yake. Utatakiwa kutia sahihi ya ridhaa kwamba taarifa zako zipelekwe kwa daktari huyo. Tia sahihi, lakini omba nakala nyingine ije kwako. Taarifa zikitembea juu ya kichwa chako kutoka ofisi hadi ofisi, mara nyingine utakapohama utaanza tena upya.

Hayo ya wasaidizi wako nyumbani niyapitie haraka. Wakili si kosa, ila ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna mkuu wa hospitali, kuna baraza linalosajili madaktari, kuna mamlaka ya ulinzi wa data kama nchi yako inayo, na kote huko utapeleka malalamiko mwenyewe ukiwa na ile barua yenye muhuri. Dada yako ana haki kwamba heshima haigharimu kitu. Ukikutana na daktari msalimie, na kama unaona ulipaza sauti kupita kiasi mwambie samahani kwa hilo. Lakini usiombe radhi kama malipo ya karatasi, maana utakuwa umekubali kwamba karatasi ni zawadi.

La mdogo wako nalikataa moja kwa moja. Picha za simu zilizopigwa kwa kujificha hazina muhuri, huenda zikaruka ukurasa ule hasa unaotakiwa, na daktari mpya hawezi kuegemea karatasi asiyojua imetoka wapi. Karani anaweza kufukuzwa kazi. Na mtu anayeuza picha za faili lako kwako, kesho atamuuzia nani?

Usichelewe, lakini. Kumbukumbu hazikai milele. Kwa mfano, katika hospitali za umma za Uingereza mwongozo ni kwamba faili la kawaida la mgonjwa mtu mzima hutunzwa miaka 8 baada ya kuonwa mara ya mwisho, kisha linaweza kuharibiwa. Kwingine ni zaidi, kwingine ni pungufu. Upasuaji wako una miaka tisa. Peleka barua ya hospitali wiki hii, ya kliniki inaweza kufuata.

Utakapopewa nakala, usiondoke dirishani kabla hujazisoma. Jina ni lako? Tarehe inalingana? Imeandikwa kushoto, au mtu alikosea akaandika kulia? Kurasa zote zipo, pamoja na ule wenye sahihi ya mtaalamu wa patholojia? Ripoti ya nyama huwa na sehemu inayoeleza kilichoonekana kwa macho, sehemu ya hadubini, na hitimisho. Hitimisho bila zile nyingine halitoshi. Ukikuta kosa, omba kwa maandishi lirekebishwe. Ukikuta maoni usiyoyapenda, kwa mfano "mgonjwa mbishi", hayo hayafutwi kirahisi kwa kuwa ni maoni ya aliyeandika, ila unaweza kuomba maelezo yako yawekwe kando yake. Mimi ningeyaacha. Na ukifika kwenye hitimisho la ripoti, usilitafute mtandaoni ukiwa peke yako usiku. Lifunge, mpelekee daktari, akusomee mbele yako.

Swali lako la tatu. Ndiyo, mweleze daktari mpya, kwa sentensi moja: "Tulitofautiana kuhusu malipo, nikahama, na sasa napata shida kupata nakala." Ameyasikia mara nyingi kuliko unavyodhani. Kisha mpe anachokihitaji zaidi: mwezi na mwaka wa upasuaji, jina la hospitali, kwamba sauti ilikwaruza na ilichukua muda gani kurudi, na dawa zote unazotumia pamoja na dozi zake. Kama unameza vidonge vya homoni ya tezi, usiviache wala usivipunguze eti kwa sababu mambo hayajaeleweka. Na muulize kama nyuzi zako za sauti zinaweza kuangaliwa sasa, wakati barua iko njiani. Miadi uliyopewa nenda nayo hata kama utafika mikono mitupu.